Walikotoka Wanyundo: Safari Yangu ya Paya na Kurudi

Mliokuwa ukumbini Jumapili ile mnajua mambo yalivyoishia, na najua wengine wenu magoti bado yanawauma. Msichojua ni nilikopita mpaka tukafika pale. Wandera ameniomba niiandike safari yenyewe, nami nimekubali kwa sharti moja: asiguse hata nukta.

Kilichoniondoa nyumbani ni mistari mitatu.

Kikundi chetu cha maigizo hapa Busia, upande wa Kenya, hutoa igizo moja kila mwaka katika ukumbi wa kanisa. Mwandishi na mwongozaji ni Wandera, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu anayeinama kwenye kila mlango na bado anajigonga. Mwaka huu aliandika igizo la Wanyundo. Ni taifa la kale la watu wafupi wanaoishi ndani ya mlima, wenye kipaji cha ajabu: wakiimba, jiwe linafunguka, wakisema na chuma, chuma kinatii. Malkia wao ni mimi.

Nafasi hiyo sikuipata kwa upendeleo. Mimi ni Nabwire, fundi cherehani wa pale sokoni, na asiyenijua aelewe kwamba mtu wa kawaida akisimama kando yangu, kichwa changu kinakomea mbavuni kwake. Kimo changu kiligoma nikiwa darasa la tatu. Mdomo haukugoma.

Jumatano jioni tulikuwa kwenye mazoezi, nikafungua ukurasa wa nne na kusoma: "Hapo kale tulikuwa warefu kama ninyi. Tukalikosea jua, tukalaaniwa, tukafupika. Ndipo mlima ukatuhurumia, ukatupa nguvu hizi." Nikaishia hapo.

"Endelea," akasema Wandera.

"Siendelei."

"Kuna neno gumu?"

"Maneno yote ni mepesi, Mwalimu. Ndiyo maana umeyaandika bila kufikiri. Kwa hiyo nguvu zao zote ni kifuta machozi?"

"Nabwire, hii ni hadithi tu. Wanyundo hawapo."

"Mimi je, sipo?"

Wandera hakujua alilogusa, na sikumlaumu sana, kwa sababu sijawahi kumsimulia mtu. Mama yangu, Achieng, alikuwa Mpadhola wa Paya, huko Tororo, upande wa Uganda, akaolewa huku kwa Wasamia. Ilipoonekana sitarefuka, majirani walisema amelaaniwa kwao kwa kuvuka mpaka bila baraka. Walisema kisimani, walisema hata kanisani. Mama alikwenda na neno hilo mpaka kaburini, bila kupata la kuwajibu. Na sasa mimi, bintiye, nisimame mbele ya watu wale wale nilitangaze mwenyewe, tena nikiwa na taji kichwani!

Nilimwambia Wandera hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya wote. Alikaa chini. Baadaye akasema polepole, "Pole, dada. Sikujua. Lakini lazima watoke mahali. Taifa zima haliwezi kuchipuka ukurasa wa nne kama uyoga. Niletee asili nyingine, nami nitaiandika."

"Lini?"

"Jumamosi saa nne asubuhi. Jumapili ndiyo siku yenyewe. Usipoleta, utasema mistari ilivyo, au nitampa Auma nafasi yako."

Auma ni msichana mzuri, mrefu na mwembamba. Nikauliza Auma atakuwaje malkia wa Wanyundo. Wandera akakohoa, akasema angetembea kwa magoti.

Usingizi wangu uliishia hapo.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nilifunika cherehani, nikafunga leso kiunoni, nikaenda mpakani. Wazo langu lilikuwa rahisi: watu wa mlima hutoka mlimani, na milima iko kwao mama, Tororo. Kama kulikuwa na mzee au kikongwe mwenye hadithi ya watu wafupi wa kale isiyo na laana ndani yake, nilikuwa na siku mbili za kumpata.

Kwenye kituo cha mpakani kaunta zimejengwa kwa ajili ya watu wa aina ya Wandera. Zamu yangu ikafika.

"Anayefuata!" akaita afisa wa uhamiaji.

"Nipo."

"Anayefuata!"

"Nipo, afande!"

"Wapi?"

"Chini!"

Akainuka, akachungulia, tukatazamana. Kusema kweli aliona aibu, akatoka nje na kalamu yake akanihudumia pembeni. Akauliza sababu ya safari. Nikamwambia natafuta walikotoka Wanyundo.

"Hao ni kabila la upande gani?"

"Ndiyo maana nasafiri, afande. Bado hatujajua."

Aliandika kwamba nakwenda kuwaona jamaa.

Upande wa pili nilikodi pikipiki ya mtu wa makamo aitwaye Ekisa, wa kabila la Wateso, mwenyeji wa Kwapa, mwenye koti la mvua na maneno mengi. Kiswahili chake ni kile cha biashara ya mpakani, kinachopita njia ya mkato. "Nyabo, nakwenda wapi?" akaniuliza; nyabo kwao ni "mama". Nilipomwambia nataka kwanza milima ya Osukuru, kisha Paya, akapiga hesabu ya njia kwa vidole. "Hakuna tabu. Mimi napeleka wewe, mimi narudisha wewe. Wewe kwanza sema, huko iko nini?"

Nilimsimulia njiani, upepo ukinipiga mdomoni. Tuliacha malori ya mpakani nyuma, tukapita mashamba ya mihogo na mtama, na vituo vidogo ambako watu walianika dagaa kwenye magunia. Ekisa alisikiliza yote. Mwisho akapaza sauti, "Huyo mwalimu yako iko mbaya! Mutu natoka kwa mama yake, hatoki kwa laana!" Nikampenda tangu hapo.

Kabla ya saa nne tulikuwa Osukuru. Milima yake si mikubwa, lakini ina heshima zake, na sehemu zilizochimbwa zinaonyesha udongo wa rangi ya kahawia iliyoiva. Huko ndiko hutoka mawe ya kutengenezea mbolea. Nikashuka kwenye pikipiki kwa haraka, maana nilijiona kabisa nakaribishwa na hadithi pale pale njiani. Tukamkuta mama mmoja anapalilia karanga, nikamsalimu na kumuuliza kama wazee wa pale wana habari za watu wafupi walioishi ndani ya mlima zamani.

Aliegemea jembe akanitazama kwa huruma. "Watu ndani ya mlima hapana. Ndani iko mbolea." Kisha akashusha sauti. "Pole sana, mama. Nani alitupia wewe hii kitu?"

Alimaanisha kimo changu. Na alisema kwa upole, hapo ndipo penye uchungu. Mtu mkali unaweza kumjibu. Akanijazia karanga mbichi kwenye leso, akaniombea Mungu. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikarudi kwenye pikipiki nikitafuna kwa hasira. Ekisa alitaka kusema neno, akaona meno yangu yanavyofanya kazi, akaacha.

Saa saba tulikula Tororo mjini, ugali wa mtama na mchicha uliotiwa simsim, chini ya lile jiwe kubwa linalosimama peke yake juu ya mji. Nilimwuliza mama wa hoteli habari za jiwe. Akasema watalii hulipanda, wakishuka hunywa maji mengi. Nikauliza kama kuna watu waliwahi kutoka ndani yake. Akaniambia ndani ya jiwe kuna jiwe. Niliona siku inakwisha na mkononi nina karanga tu.

Saa tisa alasiri tuliingia Paya, kwa njia ya vumbi kati ya mashamba ya mihogo na viazi. Hapo ndipo kwa mjomba wangu Ofwono, kaka wa mama, mhunzi, mtoto wa mhunzi. Nilikuwa nimefika kwake mara moja tu, nikiwa mgongoni kwa mama, na yeye nilimwona mara ya mwisho kwenye maziko ya mama kule kwetu. Sikwenda kwake kwa ajili ya hadithi. Nilikwenda kwa sababu ukiwa na machungu unakwenda kwa ndugu.

Mkewe, Athieno, alinipokea uani kwa vigelegele, akaniinua juu kama alivyofanya nilipokuwa mtoto, jambo ambalo ningemkataza mtu mwingine yeyote. Tuliongea Kidhopadhola, lugha ya mama, ambayo kinywani mwangu ina kutu kidogo. "Mjomba wako yuko bandani, anafua majembe. Nenda ukamwamkie."

Banda la uhunzi lilikuwa nyuma ya nyumba, lenye paa la nyasi lililoshuka chini na nguzo nene katikati. Moshi ulikuwa umejaa juu. Nikaingia mlangoni, na kabla macho hayajazoea giza, sauti mbili tatu zikanipokea: "Shuka! Shuka chini!"

Ndugu zangu, damu ilinipanda. Safari yote ile, kaunta, huruma ya mama wa karanga, halafu nifike kwao mama niambiwe nishuke!

"Nishuke niende wapi tena?" nikafoka. "Mnaona nimebakiza wapi pa kushukia? Mungu alinishusha akamaliza, ninyi mnataka mniingize ardhini?"

Macho yakaanza kuona. Humo ndani kulikuwa na wateja watano, wanaume wenye vifua vyao na mwanamke mmoja mnene, na wote walikuwa wamechuchumaa. Mmoja alikuwa na suti ya kwenda ofisini, pindo za suruali mkononi zisiguse majivu, naye amechuchumaa vile vile. Mjomba alikuwa ameketi chini kando ya moto, koleo mkononi, hakuinua uso.

"Nani amesimama?" akauliza.

Athieno akajibu kutoka nje, "Ni mtoto wa Achieng! Wa Busia!"

Mjomba akageuka, akanipima kwa macho. Kisha akawaambia wale watu, "Huyu asishuke." Na kwangu: "Mwanangu, sogea pale kwenye nguzo. Simama wima. Usinyooshe shingo, usiikunje."

Nikasimama, mgongo kwenye nguzo. Kwenye mti kulikuwa na alama iliyokatwa kwa patasi, mstari mmoja mnene, mweusi kwa moshi. Mwenye suti alichungulia akiwa pale pale chini, akasema, "Hee!" Mwanamke mnene akapiga makofi. Mimi nilipeleka mkono kichwani, nikautelezesha nyuma. Kidole kikaingia kwenye alama sawasawa, bila kupanda wala kushuka.

Hiyo ndiyo desturi ya banda la akina Ofwono, nami nilikuwa nimeikosea kwa midomo yangu. Chuma kikiwa motoni hakuna kichwa kinachoruhusiwa kupita alama ile. Awe mteja, awe mgeni, awe padri aliyeleta kengele itengenezwe, anashuka. Mjomba alinieleza akigeuza jembe kwenye makaa. "Juu kuna moshi, juu kuna cheche. Na aliye juu haoni rangi ya chuma vizuri. Rangi ikipita kidogo tu, jembe litavunjikia shambani. Chini ya alama, macho yako sawa na moto."

"Na alama ni ya nani?"

"Ni kimo cha aliyelijenga banda hili mara ya kwanza. Babu aliambiwa na babu yake. Mchwa wakila nguzo, tunaleta nguzo nyingine." Akachomoa fimbo ya chuma iliyochomekwa kwenye nyasi za paa, ya zamani, imelainika kwa mikono. Akaisimamisha kando yangu. Ilinifika utosini, ikakoma. "Tunapima kwa hii, tunakata alama upya. Nguzo zimekufa nyingi. Kimo hakijafa."

"Huyo wa kwanza alikuwa mwanamume au mwanamke?"

"Alama haina ndevu," akasema mjomba, akapiga jembe nyundo moja ya nguvu.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu na kulia, na sioni haya kuandika hapa kwamba nililia kwa sauti. Athieno alinikuta. Sikulia kwa huzuni. Mama alizaliwa hatua chache kutoka kwenye nguzo ile! Aliipita kila siku akipeleka maji, na kwa kuwa ilikuwa kitu cha nyumbani kama kinu au kama jiko, hakuwahi kukitaja. Jibu lake alilikalia utotoni, akalitafuta maisha yake yote.

Tulipokuwa tunakula, nilimwuliza mjomba kwa nini hakuniambia kule msibani.

"Nilikuona, nikajua," akasema. "Lakini msibani si mahali pa kupima watu."

"Basi nipe hadithi yake sasa. Alitoka wapi? Alipata wapi ufundi? Jumamosi wananingoja."

"Hadithi sina."

"Mjomba!"

"Sina, mwanangu. Nina alama na nina fimbo. Nikikuongezea jingine nitakuwa nakudanganya."

Nilimkasirikia, kisha nikamheshimu, kisha nikamkasirikia tena. Alama si asili. Wandera angesema, "Vizuri, lakini Malkia aseme nini pale mbele?"

Ijumaa asubuhi mjomba aliniita nivukute. Mvukuto wake ni wa mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono wa kulia ukishuka wa kushoto unapanda. Mwenye cherehani ya miguu hahitaji kufundishwa mwendo huo; nilibadilisha miguu kwa mikono tu. Ekisa, aliyekuwa amelala kwa rafiki yake kijiji cha pili, alirudi akaingia bandani na kuchuchumaa bila kuambiwa, kofia ya pikipiki mapajani.

Nikavukuta. Uso wangu ulikuwa sawa na makaa, na kwa mara ya kwanza nikaona chuma kinavyopita rangi: nyeusi, damu ya mzee, machungwa. Halafu nikasikia. Chuma kikikaribia kuwa tayari hutoa sauti ndogo, kama maji yanayotaka kuanza kuchemka katika sufuria yenye kifuniko. Sikufikiri. Nilisema, "Tayari!"

Mjomba alikuwa bado hajanyoosha koleo. Akakitoa, akakitazama, akakipiga. Kililala chini ya nyundo bila ubishi.

"Umejuaje?"

"Kimesema."

Aliacha kupiga. "Baba yangu alikuwa akikisikia," akasema. "Mimi masikio yangu yako juu mno. Nategemea macho." Kisha akarudi kazini, lakini akitabasamu, na kila kipande kilichofuata alingoja mimi niseme.

Hapo ndipo ilipokuja, kati ya kipande cha tatu na cha nne, mikono yangu ikiendelea kupanda na kushuka. Asili yote, toka kichwani mpaka mkiani, hata pumzi zake. Hakuna aliyenisimulia. Nilipiga kelele, Ekisa akaanguka chali, akidhani nimeungua.

Mchana mjomba alichukua kipande cha nondo, akakipasha, akakifua kikawa fimbo mpya, akaikata kwa kuipima na ile ya zamani. "Hii ni yako," akasema. "Na Jumapili nataka kuona unaifanyia nini." Athieno akasema naye haachwi. Ekisa, ambaye hakuulizwa, akasema Jumapili atawabeba wote wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na kuku kama yuko. Tukaondoka naye alasiri ile ile, mimi na fimbo yangu, nikiimba njia nzima. Tulipopita Osukuru nilimpungia mkono mama wa karanga, naye akanipungia jembe.

Mpakani alikuwa yule yule afisa. Safari hii alitoka nje mwenyewe kabla hajaitwa.

"Hii ni nini, dada? Silaha?"

Nikaisimamisha kando yangu. "Ni mimi, afande. Kwa chuma."

Akatazama fimbo, akanitazama mimi. "Na wale watu wako? Umepata walikotoka?"

"Nimepata. Njoo ukumbini Jumapili."

Akapiga mhuri akicheka.

Jumamosi saa nne kasoro nilikuwa mbele ya Wandera. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, naye ameketi, daftari magotini, na kalamu haikuandika kitu. Nilipomaliza akauliza kama anaweza kubadilisha hapa na pale. Nikasema hapana. Akainuka, akaitwaa fimbo, akaisimamisha kando yake na kuona inapomfikia. Akashuka taratibu, mifupa ikilia, mpaka kichwa chake kikawa chini ya ncha.

"Basi aliyeharibika ni mimi," akasema kutoka kule chini, na Auma, aliyekuja kungojea nafasi yangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Wandera akachana ukurasa wa nne.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kwenye jukwaa Wandera alikuwa ameniwekea sanduku la kusimamia ili nionekane. Zamu ya Malkia ilipofika nililipita sanduku, nikashuka ngazi za jukwaa, nikaenda kusimama sakafuni katikati ya watu, fimbo mkononi. Nyuma wakaanza kunung'unika kwamba hawanioni. Nikasema maneno haya, na nayaandika hapa yalivyokuwa:

"Hapo mwanzo jiwe lilikuwa na moto tumboni, na watu wa kwanza walitoka jiweni wakiwa wamekamilika. Kimo chao kilikuwa hiki. Moto uliishi chini, nao waliishi sawa na moto. Chuma kiliposema, masikio yao yalikuwa karibu, wakajifunza lugha yake, wakakiomba, kikatii. Hawakulaaniwa na mtu. Hawakupunguzwa na mtu. Kisha siku moja ng'ombe wakapotea. Baadhi yao wakatoka kuwatafuta, wakanyoosha shingo juu ya nyasi, wakanyoosha miguu, siku baada ya siku, wakarefuka. Walipopata ng'ombe walikuwa wamesahau lugha ya chuma. Hao ndio ninyi. Hatukuwafukuza. Mkitaka jembe, rudini nyumbani. Lakini mkifika motoni, shukeni mpaka mlipoanzia."

Nikagonga fimbo sakafuni. "Moto umewaka. Shukeni!"

Hakuna aliyetikisika. Mtu mmoja akacheka kidogo. Wale walionijua tangu utoto walinitazama, na kati yao nikaona nyuso za watu wa kisimani, wazee sasa. Nikaanza kuwaza kwamba nimejiaibisha mimi, mama na ukoo mzima.

Ndipo kiti kikalia nyuma kabisa. Mjomba Ofwono alikuwa ameshuka, bila haraka, kama anavyoshuka kila siku ya kazi. Athieno akashuka. Ekisa akashuka na kofia yake. Afisa wa mpakani, ambaye sikujua kama alikuja, akakunja suruali yake ya Jumapili akachuchumaa. Padri akafuata, kanzu ikamzunguka sakafuni. Halafu safu baada ya safu, viti vikisukumwa, watu wakishikana mabega na kuguna na kucheka, ukumbi wote ukashuka. Kikongwe mmoja wa pale kisimani hakuweza kuchuchumaa, magoti hayakukubali. Akashuka kwenye kiti, akaketi sakafuni, akanishika upindo wa nguo. "Achieng angekuona," akasema.

Nimeulizwa safari ilinifunza nini. Najua sasa kwamba asili unaweza kuikuta imekatwa kwenye nguzo, na bado ukalazimika kuivukutia mwenyewe mpaka iseme. Najua pia kwamba mama hakulaaniwa. Alizaa mtu wa kimo cha nyumbani kwao.

Fimbo iko sokoni kando ya cherehani, na wateja hujipima nayo wakingoja nguo. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni dakika ile, watu wote wakiwa wamechuchumaa na mimi nimesimama sakafuni. Nimeingia ukumbi ule tangu nabatizwa, na siku zote ukijaa naona migongo tu. Jumapili ile, juu ya vichwa vya mji mzima, niliuona mlango wa nyuma. Ni wa buluu.